Kura ya Kinyozi

Jumatatu vinyozi wote wa mji wa Sanjo, huko Japani, hufunga maduka yao, na Jumatatu hiyohiyo ndipo jarida la katuni hutoka. Kwa Kihachiro Nagumo mambo hayo mawili yalikuwa chanda na pete. Saa tatu asubuhi alikuwa ameshatoka kulinunua, ameketi kwenye kiti anachonyolea wateja, miguu juu, miwani puani, anasoma na kujisemea kwa sauti iliyofika mpaka jikoni.

"Huyu naye anataka kumpiga mwenzake, lakini kwanza anamtangazia jina la pigo. Mtu mwenye nia ya kukupiga hakutangazii. Wiki ya kumi na moja hii wamesimama juu ya paa wanatazamana. Mvua imenyesha, jua limewaka, wao wapo tu."

"Si uache kusoma," alimjibu Masuyo, mkewe, mikono yake ikiwa ndani ya beseni la mchele.

"Niache vipi? Wiki ijayo atapiga." Akafunua ukurasa. "Na hizi nywele. Mama Chigusa, njoo uone. Nywele zimesimama kama mashoka kumi. Hizi hazitaki kinyozi, zinataka seremala."

Alisema hivyo kila wiki na kila wiki alicheka mwenyewe. Mzee yule, umri wake sabini na moja, aliyapenda mambo haya kuliko watoto wa shule wanavyoyapenda. Sinema za watu wa mapanga alizipenda hasa pale ambapo panga halijachomolewa, mtu anakaa barazani dakika nzima anatazama bustani na hakuna anayesema kitu. Katuni za televisheni za Jumapili jioni alizitazama huku akila, akilalamika kwamba wali uliochorwa unapendeza kuliko ulio mezani. Masuyo hakubishana naye kwa hilo, maana ulikuwa ukweli. Sijui wanauchora vipi wali wa watu wale, lakini ukiuona njaa inakuuma.

Mwishoni mwa jarida kulikuwa na kadi ya posta. Msomaji huandika namba za hadithi tatu zilizompendeza, umri wake, kazi yake, na neno moja la maoni, kisha anaituma. Hadithi inayokosa kura hukatwa, iwe imefika katikati ya safari au mlangoni. Kihachiro alikuwa ameijaza kadi hiyo kila wiki kwa miaka thelathini na moja, na aliijaza kwa uso wa mtu anayemchagua meya.

Sasa, kwa wiki kumi na tisa, hadithi namba kumi na nne katika jarida lile ilikuwa ya Chigusa, mtoto wao wa pekee. Aliichora akiwa Tokyo, kwa jina la bandia la kiume. Ilimhusu kijana anayejifunza kunoa visu katika mji wa wahunzi. Haikuwa na zimwi wala vita. Kijana ananoa, anakosea, anafokewa, ananoa tena. Kihachiro aliisoma mwisho, baada ya nyingine zote, uso ameukunja, hasemi neno. Kisha anachukua kalamu na kuandika: tatu, saba, tisa. Kumi na nne hakuiandika hata siku moja.

Asubuhi ile Masuyo alifuta mikono akaja akasimama pembeni ya kiti. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala vizuri, kwa sababu Chigusa alikuwa amepiga simu.

"Mama, nimeshika mkia," Chigusa alikuwa amesema. "Mhariri anasema kura zisipopanda ndani ya wiki mbili, wanaikata."

"Na wakiikata?"

"Kuna kampuni ya samaki wa makopo inatafuta mtu wa kuchora makopo. Nimewaambia nitawajibu. Nina miaka thelathini na minne, Mama, nimechoka kusubiri kura." Kisha, kwa sauti ndogo, akauliza lile analouliza kila Jumapili: "Baba anaonaje?"

Na Masuyo akamjibu kama anavyomjibu kila Jumapili. "Baba anauliza kama unakula vizuri."

Basi sasa alisimama pale akitazama kalamu ya mumewe. "Baba Chigusa, tia kumi na nne."

"Siwezi."

"Namba tu. Kadi haikuulizi ukoo."

"Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi sitaki kuwa mwamba ngoma. Kura ya baba si kura."

"Kwani ni mbaya?"

"Sijasema mbaya."

"Ni nzuri?"

Kihachiro alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Kizuri chajiuza," alisema.

"Na mwanao akienda kuchora makopo ya samaki?"

Mzee alichukua kofia yake akaenda posta. Masuyo alibaki anakitazama kile kiti kitupu, hasira zimemjaa mpaka shingoni.

Lakini haki ya Mungu, hata yeye mwenyewe asingemlaumu sana. Katika nyumba ile, na nyumba zote za mtaa ule, mtu hasifu chake. Ukisifiwa mtoto, unamkana hapohapo. Chigusa alipokuwa na miaka tisa alishika nafasi ya kwanza ya uchoraji katika mkoa mzima, jirani akaja kupongeza, na Masuyo akainama akajibu, "Huyu? Hata wali anaunguza." Mtoto alikuwa amesimama pale pale, cheti mkononi. Ilikuwa ni adabu, na mtoto alijua kuwa ni adabu. Angalau Masuyo alidhani alijua.

*

Siku ya Jumatano alikuja Onozuka, msimamizi wa kiwanda cha mikasi, akakaa kwenye benchi kusubiri zamu yake. Akachukua jarida. Alisoma vita vya juu ya paa kwa makini, akalamba kidole, akafunua, akafunua, akafika kwenye hadithi ya kijana wa visu. Hapo alizikusanya kurasa zote pamoja kwa kidole gumba akaziruka kwa mkupuo mmoja, kama mtu anavyoruka matangazo ya dawa ya meno.

Masuyo alikuwa anafagia nywele. Aliona.

Onozuka naye akakumbuka alipo. Akarudi nyuma haraka. "Aa, hii si ndiyo ya Chigusa? Samahani, vidole vyangu vimejaa grisi, vinateleza."

"Ndiyo hiyohiyo, kitu cha ovyo tu," Masuyo alisema akiinama. "Usijisumbue."

"Bado sana yule," Kihachiro aliongeza akiwa anamnyoa mtu mwingine, bila kugeuka. "Hajajua kitu bado."

Onozuka alicheka kwa adabu, wao wakacheka kwa adabu, na ufagio wa Masuyo ukaendelea. Moyoni alisema, sawa. Kama baba yake hawezi kupiga kura moja, mama yake atapiga ishirini.

Jumatatu iliyofuata Kihachiro alikwenda Niigata kwenye mkutano wa chama cha vinyozi. Masuyo alitoka na kikapu kikubwa. Alinunua majarida mawili hapa, matatu pale, akizunguka maduka ya mji mzima ili asigundulike, theluji ikimfika kwenye vifundo vya miguu. Mwisho aliingia duka la vitabu la Bi Katagiri.

"Nakala sita?" Bi Katagiri aliuliza. "Wateja wa kunyoa wamekuwa wengi, Mama Nagumo?"

"Ni za kufungia vyombo."

"Majarida ya leo?"

"Yanafyonza maji vizuri," alisema Masuyo, na masikio yakamwaka moto.

Bi Katagiri alimtazama, akaitazama mikono yake iliyoshika kikapu, akainama chini ya meza akatoa nakala ya saba. "Chukua na hii. Kona yake imekunjika, siwezi kuiuza. Nayo itafyonza."

Zote pamoja zilikuwa ishirini na tatu. Alifunga mlango, akawasha jiko la mafuta ya taa, akakaa kwenye meza na kalamu za kila rangi. Kadi nyingine aliandika kwa mkono wa kulia, nyingine kwa wa kushoto. Alikuwa mvulana wa miaka kumi na mmoja, akawa msichana wa sekondari, akawa dereva wa lori wa miaka arobaini. Kila kadi, kumi na nne ilikuwa ya kwanza. Alipofika kwenye nafasi ya maoni alisita. Kuiacha tupu asingeweza. Kumpelekea mtu kitu bila neno la heshima ni ushenzi. Basi aliandika maneno mawili matatu ya adabu, yale ambayo mkono wake ulikuwa umeyaandika juu ya kila kifurushi cha zawadi kwa miaka hamsini, wala hakuyafikiria mara mbili. Akazituma zote kabla mumewe hajarudi, akampikia figili na samaki, na jioni ile akaimbaimba wakati wa kuosha vyombo.

*

Chigusa alikuja Jumanne ya wiki ya pili yake, bila kupiga simu. Aliingia dukani mchana, theluji mabegani, macho mekundu kwa kukesha. Hapakuwa na mteja. Akamsalimu baba yake, akapita mpaka meza ya chakula nyuma ya pazia, akatoa bahasha kubwa ndani ya mkoba na kumwaga kadi juu ya meza.

"Nani anataka kusikia barua za wapenzi wangu?" aliuliza. Akachukua ya kwanza. "Huyu anaitwa Ryoji. Ana miaka kumi na mmoja. Anasema: 'Ni kitu duni kisichostahili kuwekwa mbele yenu, lakini naomba sana mumtazame kwa jicho la huruma na mzidi kumwongoza.'"

Masuyo aliweka mkono mdomoni.

"Huyu dereva wa lori. 'Bado ni mtoto asiyejua kitu, anawasumbua sana, naona aibu, tafadhali mvumilieni.' Huyu wa sekondari naye anasema kesho kukiwa na baridi nivae soksi mbili."

"Hilo lilinitoka tu," alisema Masuyo.

"Mama." Chigusa alikuwa anacheka, kisha cheko likamgeukia, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, kadi mkononi. "Mhariri aliniita mbele ya watu. Akasema, ama huko Sanjo kuna shule ya ajabu, ama wewe una mama. Ofisi nzima ilicheka. Wamezitoa kwenye hesabu zote ishirini na tatu."

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuaibisha."

"Hukuniaibisha. Mtu wa kwangu alinipigia kura, nitaaibika vipi?" Akajifuta kwa mkono wa sweta. Kisha akamgeukia baba yake, aliyekuwa amesimama kwenye pazia na taulo mkononi. "Lakini kulikuwa na kadi ya ishirini na nne kutoka Sanjo. Hiyo haikutolewa. Baba, unajua pale ofisini wewe ni nani?"

"Mimi? Mimi siwajui."

"Wao wanakujua. Wanakuita Kinyozi wa Sanjo. Kadi yako husomwa kwa sauti kila wiki, ile ya kwamba nywele hizi zinataka seremala wameibandika ukutani. Ukimpenda mtu, wanasema huyo atadumu. Na mwezi uliopita mhariri wangu akaniambia, 'Hadithi yako inahusu nyembe na visu, na Kinyozi wa Sanjo hajakuchagua hata mara moja. Kama yeye haimgusi, itamgusa nani?'"

Masuyo alilipunguza jiko la mafuta ya taa lililokuwa likiunguruma.

"Hukumwambia kwamba ni baba yako?" Masuyo aliuliza.

"Ningemwambia nini? Kwamba hata nyumbani hawaitaki?"

Masuyo alimtazama mumewe. Akamwomba kwa macho. Sema, wee mzee, sema neno moja tu, hata la uongo. Kihachiro alilikunja taulo mara mbili, mara nne, midomo yake ikacheza kama inayotafuta njia.

"Supu inapoa," alisema. "Kula kwanza."

Chigusa alikula. Alikula yote, akashukuru, akaosha bakuli lake, akapanda treni ya saa kumi. Siku mbili baadaye akapiga simu kusema wameikata, amepewa sura nne za kumalizia, na kwamba watu wa makopo amewakubalia. Hakuuliza baba anaonaje. Masuyo alisubiri swali lile mpaka simu ikakatika, na lilipokosekana ndipo alipojua uzito wake.

Usiku ule alimwambia mumewe jambo ambalo hakuwahi kumwambia kwa miaka arobaini na miwili. "Wewe una adabu mpaka umekuwa katili." Kihachiro aligeukia ukutani. Hakulala.

*

Machi ilipofika mwisho, Chigusa alirudi nyumbani na masanduku mawili, apumzike mpaka kazi ya makopo ianze. Hakushika penseli. Alimsaidia mama yake kufua taulo, akafagia nywele, akawachekea wateja. Alikuwa mwema na mpole kama mgeni, na upole ule ulimtia Masuyo simanzi kuliko machozi.

Jumanne moja Onozuka alikuja kunyolewa ndevu. Kihachiro alimlaza kwenye kiti, akampaka povu uso mzima, akaanza kufungua wembe. Masuyo alikuwa anakunja taulo za moto. Chigusa alikuwa nyuma, anafagia kando ya benchi, Onozuka hakumwona.

"Bwana Nagumo," Onozuka alisema ndani ya povu, "jana nimesoma mwisho wa ile hadithi ya binti yako. Nilikuwa naziruka kurasa zake, sikufichi. Lakini nilikuwa kantini, sina la kufanya, nikasoma. Nikaenda kutafuta za nyuma, nikasoma zote. Pale bibi mpishi anaporudi na kisu, kidole amekifunga kitambaa, anacheka, anasema tangu azaliwe hajawahi kukatwa vizuri namna hii. Nikacheka peke yangu. Kisha nikaona nalia. Mtu mzima mimi, mbele ya vijana wangu wa kazi. Ile ni kazi nzuri sana."

Ufagio ulisimama. Masuyo alijua kinachofuata, kinywa chake mwenyewe kilikuwa kimeshajipanga: hapana, hapana, kitu cha ovyo tu. Alitamani azibe masikio ya mwanawe kwa zile taulo.

Kihachiro aliutazama wembe, kisha akainua macho akatazama kioo. Kwenye kioo kile aliyekuwa amesimama ni Chigusa.

"Ndiyo," alisema. "Ni nzuri."

Onozuka alifumbua jicho moja.

"Ni nzuri," Kihachiro alirudia. "Niliisoma mwisho kila wiki kwa sababu nikishaisoma hiyo, nyingine hazina ladha. Nilisema nikimchagua nitakuwa nimempendelea. Nilikuwa mjinga. Nimesoma jarida lile miaka thelathini na moja, Bwana Onozuka, najua ninachosema. Mwanangu anachora vizuri kuliko wote."

Hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kufundishwa jibu la maneno kama hayo. Onozuka alifungua mdomo, povu likamwingia, akaufunga. Masuyo alijifunika uso kwa taulo la moto akalia humo ndani waziwazi, mabega yakitikisika. Chigusa alisimama ameushika ufagio kwa mikono miwili, shingo imemwiva.

"Ila sura ya kumi na mbili amekosea," alisema Kihachiro.

Chigusa aliinua kichwa.

"Amekosea nini?" Chigusa aliuliza. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ya ubishi, ambayo nyumba ile haikuisikia tangu aje.

"Yule kijana anausukuma wembe kwa kiganja. Ukiusukuma hivyo unayala makali yote. Nguvu si ya mkono, nguvu ni ya jiwe."

"Nilikuwa nakutazama wewe unavyonoa. Miaka kumi na minane nilikutazama."

"Ulitazama kutoka mlangoni. Kutoka mlangoni kidole gumba hakionekani."

Chigusa aliuegemeza ufagio kwenye benchi. Akaenda ukutani akachana mwezi uliokwisha kwenye kalenda, akaugeuza upande mweupe, akachukua penseli kwenye daftari la miadi. "Bwana Onozuka, samahani, utatusubiri kidogo."

"Nasubiri," alisema Onozuka, amelala, haoni kitu ila dari.

Kihachiro alitoa jiwe kwenye maji, akaliweka kwenye ukingo wa sinki, akalaza wembe juu yake. "Tazama gumba. Limekaa tu, halibonyezi." Akavuta, akageuza, akavuta. Penseli ilikwaruza. Chigusa alisogea mpaka bega lake likagusana na la baba yake, akatazama kwa macho yaliyofinyika, akachora, akafuta kwa kidole, akachora. Masuyo alichungulia juu ya taulo. Povu lilikuwa linakauka usoni mwa mteja na hakuna aliyemkumbuka.

"Umeona?" Kihachiro aliuliza.

"Nimeona. Sasa fanya kwa mkono wa kushoto."

"Wa kushoto kwa nini? Kijana wako si anatumia mkono wa kulia?"

"Huyo amekwisha," alisema Chigusa, macho kwenye karatasi. "Huyu mwingine ni msichana, na anatumia kushoto."

Kihachiro akahamisha wembe mkono wa pili, akaanza upya, taratibu.